Mtwara hadi Bukoba kwa Ndege: Saa Tatu za Angani, Siku Nzima ya Safari

Mtwara ipo katika pembe ya kusini mashariki ya nchi, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma. Bukoba ipo katika pembe ya kaskazini magharibi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa mstari ulionyooka, viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili vinatenganishwa na takriban kilometa 1,362, na ndege ya abiria ya aina ya Dash 8 Q400, kama ingeruka moja kwa moja bila kutua popote, ingemaliza safari hiyo kwa takriban saa mbili na nusu.

Hata hivyo, mkazi wa Nanganga, eneo lililo mpakani mwa Mkoa wa Mtwara na Mkoa wa Lindi katika barabara iendayo Masasi, hawezi kupanga safari yake kwa kutegemea takwimu hizo mbili. Akitoka nyumbani alfajiri na mambo yote yakaenda vizuri, atafika Bukoba jioni. Ratiba zisipooana, atafika siku ya pili. Muda huo unapotea wapi? Jibu lake ndilo linaloeleza ni uwekezaji gani unaompunguzia mwananchi safari na ni upi unaobaki kuwa takwimu tu.

Umbali wa angani unavyopimwa

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa kufuata uso wa dunia kwa njia iliyo fupi kuliko zote, inayoitwa duara kuu. Kinachohitajika ni kujua kila kiwanja kipo katika latitudo na longitudo gani. Kiwanja cha Ndege cha Mtwara kipo nyuzi 10 na dakika 20 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 40 na dakika 11 mashariki. Kiwanja cha Ndege cha Bukoba kipo nyuzi 1 na dakika 20 kusini, na nyuzi 31 na dakika 49 mashariki.

Tofauti ya latitudo ni nyuzi 9. Kwa kuwa uzi mmoja wa latitudo ni takriban kilometa 111, safari ya kutoka kusini kwenda kaskazini pekee ni kilometa 1,000 hivi. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 8 na dakika 22, sawa na takriban kilometa 925 kutoka mashariki kwenda magharibi. Pande hizo mbili zikichukuliwa kuwa pande za pembetatu mraba, upande wa tatu unaoziunganisha ni kilometa 1,362. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari kwa kalamu na karatasi, na jibu lake halitofautiani sana na lile linalotolewa na programu za kompyuta.

Marubani na waongoza ndege hutumia maili za baharini badala ya kilometa. Maili moja ya baharini ni kilometa 1.852, na maili 60 hufanya uzi mmoja wa latitudo. Kwa kipimo hicho, Mtwara na Bukoba zinatenganishwa na takriban maili 736. Mwananchi anayekuta takwimu mbili tofauti kwa safari moja hana budi kwanza kuangalia ni kipimo gani kilichotumika.

Kutoka kilometa hadi saa

Kugeuza umbali kuwa muda kunahitaji kujua aina ya ndege. Dash 8 Q400, ambayo Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) huitumia katika safari nyingi za ndani, hubeba abiria 76 na inaweza kufikia mwendo wa takriban kilometa 667 kwa saa ikiwa katika kimo chake cha kusafiria. Kilometa 1,362 zikigawanywa kwa mwendo huo, jibu ni saa mbili na dakika mbili au tatu.

Lakini ndege haianzi safari ikiwa na mwendo huo. Hutembea taratibu kutoka eneo la maegesho hadi kwenye barabara ya kurukia, hupanda kwa dakika kadhaa, hupunguza mwendo inapokaribia kushuka, na huenda ikasubiri zamu ya kutua. Ndiyo sababu wapangaji wa ratiba huongeza takriban nusu saa juu ya hesabu ya mwendo na umbali. Upepo nao una sehemu yake: upepo wa mbele wenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ukidumu safari nzima, ungeongeza takriban dakika kumi kati ya Mtwara na Bukoba.

Jambo hili linaeleza kwa nini safari fupi huonekana kuchukua muda mrefu kuliko inavyostahili. Mtwara na Dar es Salaam zinatenganishwa na takriban kilometa 400 za angani. Kwa mwendo wa Q400, umbali huo ungekwisha kwa dakika 36, lakini abiria huelezwa kuwa safari ni ya takriban saa moja. Karibu nusu ya muda huo hutumika katika kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Kila mara ndege inapotua na kuruka tena, gharama hiyo ya muda hulipwa upya.

Je, kupitia Dar es Salaam ni mzunguko mkubwa?

Hakuna safari ya moja kwa moja yenye ratiba kati ya Mtwara na Bukoba. Abiria hupitia Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA) jijini Dar es Salaam, na baadhi ya safari hutua pia Mwanza. Wananchi wengi huamini kwamba hapo ndipo safari inapoharibika, kwa kuwa msafiri analazimika kuelekea kaskazini kwanza kabla ya kugeukia magharibi.

Hesabu ya umbali haiungi mkono imani hiyo. Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 400, na Dar es Salaam hadi Bukoba ni takriban kilometa 1,024. Jumla ni kilometa 1,424, yaani ongezeko la kilometa 62 tu juu ya mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa Q400, ongezeko hilo ni dakika zisizozidi sita. Hata msafiri akipitia Dar es Salaam na Mwanza, ambako Dar es Salaam hadi Mwanza ni takriban kilometa 852 na Mwanza hadi Bukoba ni takriban kilometa 175, jumla inabaki kuwa kilometa 1,427. Dar es Salaam haipo mbali sana na mstari wa safari hiyo.

Hali hubadilika kidogo kwa msafiri wa Mtwara anayekwenda Dodoma, makao makuu ya Serikali. Umbali wa moja kwa moja ni takriban kilometa 672, wakati kupitia Dar es Salaam ni takriban kilometa 789. Hapa ongezeko ni kilometa 117, sawa na asilimia 17. Ukilinganisha na safari ya Bukoba mzunguko huu ni mkubwa zaidi, lakini bado ni takriban dakika kumi na moja tu za kuruka.

Kwa hiyo, kinachorefusha safari ni kusubiri. Abiria akitua JNIA saa nne asubuhi na ndege ya Bukoba ikawa imeondoka saa tatu, dakika sita za mzunguko zitakuwa zimegeuka kuwa usiku mzima na gharama ya malazi. Ratiba mbili zikipangwa zikaoana, safari hupungua kwa saa nyingi bila ndege mpya kununuliwa wala barabara mpya ya kurukia kujengwa. Katika mtandao unaotegemea kituo kimoja kikuu, mpangilio wa ratiba una uzito sawa na miundombinu yenyewe.

Hesabu ya mkazi wa Nanganga

Ili kuliona jambo hili kwa uwazi, tuchukue mfano wa mwalimu mzaliwa wa Bukoba aliyepangiwa kituo cha kazi Nanganga. Anapigiwa simu jioni na kuarifiwa msiba wa mzazi wake. Maziko ni keshokutwa. Kwa basi, safari yake ingeanza kwa kwenda Dar es Salaam, kisha kuvuka nchi hadi Kagera. Hata baada ya mabasi kuruhusiwa kusafiri usiku kuanzia mwaka 2023, safari hiyo ni ya zaidi ya siku moja na usiku wake, na kila ucheleweshaji njiani unamweka katika hatari ya kukuta kaburi limeshafukiwa.

Kwa ndege, hesabu yake ni hii. Kutoka Nanganga hadi Mtwara kwa barabara, kupitia Mnazi Mmoja, ni zaidi ya kilometa 100, na kwa usafiri wa abiria anahitaji kutenga muda wa saa tatu. Anatakiwa kufika kiwanjani mapema kwa ajili ya ukaguzi, hivyo anaongeza saa mbili. Safari ya kwanza ni saa moja. Akibahatika kupata muunganiko mzuri Dar es Salaam, atasubiri muda wa saa tatu. Safari ya pili ni takriban saa mbili. Jumla ni saa kumi na moja, na kati ya hizo ni tatu pekee anazokuwa ndani ya ndege. Zaidi ya theluthi mbili ya safari yake ya ndege inafanyika ardhini.

Mfano huu unaonesha ni wapi muda unaweza kuokolewa. Ndege yenye mwendo mkubwa zaidi, ikipunguza robo ya muda wa angani, ingemwokolea dakika 45. Barabara nzuri na usafiri wa uhakika wa alfajiri kutoka Nanganga hadi Mtwara ungeweza kumwokolea zaidi ya hapo. Ratiba zilizooana zingemwokolea siku nzima. Kwa mwalimu huyu, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwahi kumzika mzazi wake na kufika baada ya matanga.

Viwanja vilivyo karibu visivyo na ratiba

Mwananchi anayetafuta kiwanja kilicho karibu na Nanganga katika ramani za kidijitali atakutana na majina kadhaa: Masasi, yenye alama ya kimataifa ya XMI, Nachingwea, yenye alama ya NCH, na Lindi, yenye alama ya LDI. Vyote vipo katika orodha za kimataifa za viwanja vya ndege, na programu za kukokotoa umbali huvitumia kana kwamba abiria anaweza kwenda na kukata tiketi. Kwa mfano, kutoka Masasi hadi Dar es Salaam hesabu hutoa takriban kilometa 431 za angani, umbali ambao Q400 ingeumaliza kwa muda usiofika saa moja na robo, pamoja na kupanda na kushuka.

Kuwepo kwa alama ya kimataifa hakumaanishi kuwepo kwa safari za abiria zenye ratiba ya kudumu. Alama hiyo inatambulisha mahali tu. Safari ya ratiba inahitaji barabara ya kurukia yenye urefu na uimara wa kutosha, huduma za zimamoto na uokoaji, mawasiliano, taarifa za hali ya hewa, ukaguzi wa usalama na, zaidi ya yote, abiria wa kutosha kila wiki kwa mwaka mzima. Msimu wa korosho unaweza kujaza ndege kwa miezi michache, lakini gharama za kuendesha kiwanja hazisubiri msimu.

Historia ya Kusini inatoa funzo katika jambo hili. Kati ya mwaka 1947 na 1951, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitekeleza mradi mkubwa wa kilimo cha karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea. Zao lilipoanguka, reli ilikosa mzigo na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara iliendelea kuishi kwa sababu ilipata watumiaji wengine. Funzo lake ni kwamba miundombinu iliyofungwa kwenye hitaji moja huondoka pamoja na hitaji hilo, na ile inayotumiwa na wengi kwa shughuli nyingi hudumu.

Ndiyo sababu kukiimarisha kiwanja kimoja cha mkoa na kukifanya kifikike kwa urahisi kutoka wilaya zote ni hatua inayotangulia kufufua kila kiwanja cha wilaya. Kiwanja cha Ndege cha Mtwara kilifanyiwa ukarabati na upanuzi mkubwa, barabara yake ya kurukia ikafikia urefu wa mita 2,800 na upana wa mita 45, na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alikizindua mwezi Septemba 2023 alipokuwa katika ziara ya mkoa huo. Kwa vipimo hivyo, kiwanja kinaweza kupokea ndege za jeti za aina ya Airbus A220-300 ya ATCL, inayobeba abiria 132, pamoja na zile za pangaboi.

Barabara ni sehemu ya kiwanja

Kiwanja kilichopanuliwa humfaa mkazi wa Masasi, Newala, Tandahimba au Ruangwa pale tu anapoweza kukifikia. Hapa ndipo Nanganga inapopata umuhimu wake. Ni njia panda: barabara kuu inayotoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi hupita hapo, na barabara ya kwenda Ruangwa huchepuka kutoka hapo. Kipande cha Nanganga hadi Ruangwa, chenye urefu wa takriban kilometa 53, kiliwekwa katika mpango wa ujenzi kwa kiwango cha lami. Kwa mkazi wa Ruangwa, kukamilika kwa kipande hicho kunamleta karibu na barabara kuu na, kupitia barabara hiyo, karibu na kiwanja cha Mtwara.

Upande wa Uwanda wa Makonde, barabara ya Mtwara – Newala – Masasi ina urefu wa kilometa 210. Kilometa 50 za mwanzo, kutoka Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kujengwa kwa lami. Kilometa 160 zilizobaki, kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, ziliingizwa katika mradi unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), ukisimamiwa na Wakala ya Barabara Tanzania (TANROADS). Kadiri kila sehemu inavyokamilika, mkazi wa Newala hana tena sababu ya kushuka kwanza Masasi ili apate njia ya uhakika ya kufika Mtwara wakati wa mvua.

Uzito wa jambo hili ulionekana mapema mwezi Mei 2024, pale mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam – Lindi katika maeneo kadhaa ya Wilaya ya Kilwa, ikiwemo Somanga. Kwa siku kadhaa magari hayakuweza kupita. Njia ya barabara iliyobaki kuelekea Dar es Salaam ilikuwa ile ndefu ya kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Katika siku kama hizo, kilometa 400 za angani kati ya Mtwara na Dar es Salaam huwa na thamani isiyoweza kupimwa kwa nauli, na barabara zinazounganisha wilaya na kiwanja huwa ndizo zinazoamua nani atainufaika nayo.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba safari fupi kuliko zote ni ile isiyo ya lazima. Zamani, mgonjwa wa Masasi au Newala aliyehitaji huduma za kibingwa alielekezwa Dar es Salaam. Kuwepo kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara kunawawezesha wagonjwa wengi kuhudumiwa bila kuondoka katika kanda yao. Kwao, kilometa zinazopaswa kupunguzwa ni zile za kutoka kijijini hadi Mtwara.

Hali ya hewa na mipaka ya ratiba

Muda wa ndege ulioandikwa kwenye tiketi ni makadirio yanayotegemea usalama. Bukoba inatoa mfano wa wazi. Kiwanja chake kipo kando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani ya Mtwara, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kupata nguvu ileile ya kuinuka. Aidha, ziwa huzalisha mvua na radi zinazoweza kufunga uoni kwa ghafla.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 walipoteza maisha. Taifa halijaisahau siku hiyo. Tangu hapo, abiria anayetangaziwa kuwa ndege itasubiri angani, itaahirishwa au itatua Mwanza kwa muda anapaswa kuelewa kwamba muda anaoupoteza unatumika kulinda uhai wake. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutolewa kwa umma kila siku, na msafiri anaweza kuzifuatilia kabla ya kuanza safari.

Mambo ya kuzingatia kwa msafiri

Kutokana na uchambuzi huu, yapo mambo machache ambayo msafiri wa Kusini anayekwenda mbali anaweza kuyazingatia ili kulinda muda na fedha zake.

Kwanza, apange safari kwa kuanzia mlangoni mwa nyumba yake. Muda wa barabara kutoka Nanganga, Masasi au Newala hadi Mtwara uhesabiwe pamoja na akiba ya dharura, hasa wakati wa masika. Ikiwa ndege inaondoka asubuhi mapema, huenda ni busara kulala Mtwara usiku uliotangulia.

Pili, safari yenye kubadili ndege ikatiwe tiketi moja inayofika hadi mwisho wa safari pale inapowezekana. Abiria mwenye tiketi moja, ndege yake ya kwanza ikichelewa, huwa mikononi mwa kampuni iliyomuuzia safari nzima. Mwenye tiketi mbili za kampuni tofauti anaweza kujikuta akinunua upya tiketi ya pili kwa kosa lisilo lake.

Tatu, asome tofauti kati ya muda wa kuruka na jumla ya muda wa safari kwenye ratiba. Safari mbili zenye nauli inayofanana zinaweza kutofautiana kwa saa nyingi kutokana na muda wa kusubiri Dar es Salaam.

Nne, anapokumbana na ucheleweshaji, upotevu wa mizigo au kukataliwa kupanda ndege, ahifadhi tiketi na nyaraka zote, awasilishe malalamiko kwanza kwa kampuni husika, na asiporidhika afikishe suala hilo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo ndiyo mdhibiti wa sekta. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoanzishwa ili kutetea maslahi ya watumiaji. Malalamiko yaliyoandikwa husaidia pia kuonesha ni safari zipi ambazo ratiba zake haziungani, taarifa ambayo wapangaji wa huduma wanaihitaji.

Kipimo cha mafanikio

Umbali kati ya Mtwara na Bukoba hautabadilika. Nyuzi 9 za latitudo na nyuzi 8 za longitudo zitabaki kama zilivyo, na ndege za abiria zitaendelea kuruka kwa mwendo unaokaribiana na wa leo. Kinachoweza kubadilishwa na sera, bajeti na usimamizi ni saa nane anazozitumia ardhini mkazi wa Nanganga katika safari ya saa kumi na moja.

Kila kilometa ya lami inayoongezwa kwenye Uwanda wa Makonde inapunguza sehemu ya saa hizo, na kila ratiba inayopangwa ili kuungana na nyingine inapunguza sehemu kubwa zaidi. Siku mwalimu wa Nanganga atakapopokea simu ya msiba jioni na kuweza kusema kwa uhakika kwamba kesho yake, kabla ya jua kuzama, atakuwa nyumbani kwao Bukoba, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba pembe mbili za nchi zimeunganishwa.